Miaka Tisa Baada ya Ruzuku
Jioni ikiingia Wandegeya, chini kidogo ya Chuo Kikuu cha Makerere, wauza rolex huwa wamekwishawasha majiko: mayai yanapigwa na kitunguu, nyanya na kabichi, yanakaangwa, kisha yanakunjwa ndani ya chapati ya moto. Wafanyabiashara wadogo wa namna hii wametungiwa na serikali mipango mingi ya mikopo: wa vijana mwaka 2013, kisha wa wanawake, na mwaka 2019 ukaja Emyooga, unaowakusanya watu kwa kazi zao, wakiwemo wauzaji wa sokoni na wenye migahawa. Tatizo ni kipimo. Kutangaza mabilioni yaliyotolewa ni kusoma hesabu ya matumizi tu. Hakuonyeshi kama muuzaji angefika hapo alipo hata bila mkopo. Uganda yenyewe ina mfano bora wa kupima hilo. Mwaka 2008, huko kaskazini, vikundi 535 vya vijana walioomba ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Karibu nusu vikapata, takriban dola 400 kwa kila mtu. Baada ya miaka minne, waliopata walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38 kuliko waliokosa. Baada ya miaka tisa, waliokosa walikuwa wamewafikia. Mtathmini aliyeondoka mapema angeandika habari ya ushindi mtupu, na bajeti ingepangwa kwa habari hiyo. Ndiyo maana fungu la kuwafuatilia waliopata na waliokosa, kwa miaka kumi, linapaswa kutengwa kabla shilingi ya kwanza haijatoka.