Dawa ya Malale Imepatikana, Macho ya Kuuona Ugonjwa Yako Wapi?

Kuna uongo mmoja ambao ofisi zetu za umma zimeuzoea hata zikausahau kuwa ni uongo: kwamba ugonjwa usioonekana katika taarifa ya robo mwaka ni ugonjwa usiokuwapo. Nataka kuupinga kwa kutumia mfano wa malale, na nataka kuanzia Kasekese.

Kasekese ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Mkoa huu ni nchi ya miombo, ya warina asali, wakulima na wafugaji. Ni nchi ya mbung'o vilevile. Mbung'o hueneza vimelea vya malale, na aina ya ugonjwa huo iliyoko kwetu Afrika Mashariki haina subira. Huanza kama homa, kisha huvamia ubongo. Mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa katika muda wa miezi tu. Wanyamapori na ng'ombe huhifadhi vimelea hivyo, kwa hiyo havitaondoka kwa tamko la kiongozi yeyote.

Kwa miongo mingi, aliyefikia hatua ya ubongo alitibiwa kwa melasoproli, dawa iliyotengenezwa kutokana na aseniki. Dawa hiyo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Daktari alichoma sindano akijua hivyo, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Nyingine ilikuwapo, lakini kabatini. Feksinidazoli ilianza kushughulikiwa na kampuni ya Hoechst, ikaachwa katika miaka ya 1980, kwa maana magonjwa ya maskini hayana soko. Shirika la DNDi liliifufua mwaka 2005. Mwaka 2018 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuiunga mkono kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati. Kwa malale yetu, jaribio la hatua ya mwisho lilianza mwaka 2019. Vituo vyake vilikuwa Rumphi nchini Malawi na Lwala nchini Uganda, na wagonjwa walikuwa 45. Desemba 2023 maoni kama hayo yakatolewa kwa aina yetu, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa dawa ya kwanza kuchaguliwa kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 na zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi. Ni vidonge vya siku 10, humezwa pamoja na chakula chini ya uangalizi, na hutolewa bure kupitia Shirika hilo.

Basi bei si kisingizio tena. Kisingizio kilichobaki ni upofu wetu.

Zamani, mwenye homa alipofika zahanati, tone la damu yake liliwekwa chini ya hadubini. Mtaalamu alitafuta malaria, lakini jicho lake lingeweza kukutana na vimelea vya malale vikichezacheza kati ya chembe za damu. Leo kuna kipimo cha haraka cha malaria. Ni kipimo kizuri, kimeokoa maisha, na sitaki kifutwe. Lakini kinajibu swali moja tu: malaria ipo au haipo? Mrina asali mwenye malale ataambiwa hana malaria, atapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Akianza kuropoka, jirani watasema amerogwa. Akifa, hataongeza hata tarakimu moja katika taarifa yetu.

Wapo watakaosema wagonjwa wa malale ni wachache mno, na bajeti ni finyu. Nawauliza: uchache huo mmeupata kwa kutazama au kwa kutotazama? Tena hadubini si ya malale peke yake. Zahanati inayoweza kuitumia hunufaika na mengi. Wengine watasema tusubiri akoziboroli, dawa ya kumeza mara moja tu, iliyojaribiwa Kongo na Guinea. Lakini jaribio hilo lilihusu aina ile nyingine ya malale, na hata dawa ya dozi moja haimtibu mtu ambaye hakuna aliyemtambua.

Ndugu zangu watumishi wa umma, ninachodai si miujiza. Zahanati zilizo karibu na mapori ya mbung'o ziwe na hadubini inayofanya kazi na mtu anayejua kuitumia. Kila homa isiyo ya malaria, au isiyosikia dawa ya malaria, ipimwe damu upya. Kila mganga ajue dawa iko hospitali gani na mgonjwa atafikishwaje huko. Na majaribio yajayo yakipangwa, tuwe mezani tangu mwanzo, pamoja na wananchi wenyewe, tusiwe wasikilizaji wa matokeo.

Nanyi wanafunzi wangu, mkipewa takwimu yenye sifuri, msishangilie kwanza. Ulizeni ni wangapi waliopimwa. Sifuri ya aliyetafuta akakosa ni habari njema. Sifuri ya asiyetafuta ni kaburi lisilo na jina.