Timpani si Debe Tupu

Wapo wajuzi wa muziki wanaopenda kutufunza kwamba okestra ya Ulaya ni ufalme wa fidla, na kwamba ngoma imealikwa humo kupiga kishindo tu. Kwao, nyuzi na zumari ndizo zenye sauti. Ngoma ni debe tupu. Kauli hii ina sumu, kwani anayeikubali hukubali pia kwamba watu wa ngoma ni watu wasio na la kusema.

Timpani, ngoma ya bakuli la shaba iliyowambwa ngozi, haivumi ovyo. Hukazwa hadi itoe noti yake maalumu, kama udi unavyokazwa nyuzi. Ikiwa hiyo si sauti, basi udi nao ni bubu. Wala asili yake si Vienna: mababu zake, zile nakara za Waarabu, ziliingia Ulaya katika karne ya 13, zama za Vita vya Msalaba.

Tuwaite mashahidi wao wenyewe. Mwaka 1806 Beethoven alifungua Konseto yake ya Fidla kwa mapigo manne ya timpani peke yake. Baadaye fidla zikauchukua mdundo huohuo. Nani basi mwalimu, nani mwanafunzi? Katika Simfoni ya Tisa ya mwaka 1824, timpani hukatiza okestra nzima na kulitamka wazo la muziki peke yake. Naye Berlioz, katika Rekwiemu ya mwaka 1837, alitaka timpani 16 na wapigaji 10, ili ngoma zenyewe zishikane sauti kwa upatanifu.

Mpinzani atasema noti zake ni chache. Naam, kwa muda mrefu okestra ilitosheka na jozi moja, noti mbili. Lakini tangu lini utungo ukapimwa kwa wingi wa maneno? Kituo ni mshororo mmoja tu, nacho ndicho kiubebacho ubeti. Mpiga timpani huhesabu kimya kirefu, kisha hupiga mahali pake. Akikosea pigo moja, ukumbi mzima hujua. Mshairi ajuaye mizani hawezi kuidharau kazi hiyo.

Basi atakayeibeza ngoma na atafute hoja nyingine. Okestra asiifanye shahidi wake, maana imekwisha kutoa ushahidi, na imeutoa kwa ngoma.