Aliyenyamaza Si Lazima Awe Amekufa



Juzi tulikuwa tukirejea nyumbani na watoto. Tulipofika juu ya daraja la Nyali, mshale wa mwendo ulianguka hadi sifuri ilhali gari linakwenda. Taa ya ABS ikawaka, usukani nao ukawa mzito. Asubuhi tukalipeleka kwa fundi. Alichomeka mashine yake, akasoma msimbo U0121, akatoa hukumu hata boneti hajaifungua: "Sheikh, kompyuta ya breki imekufa. Ni kununua nyingine."

Bei aliyoitaja ingeimaliza akiba ambayo mama watoto ameiweka kidogo kidogo kwa ajili ya Umra ya mama yake. Naye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikuwa tayari kuitoa. Hapo ndipo tulipoona ni wajibu wetu kuuliza kwanza.

Gari la siku hizi lina kompyuta nyingi ndogo: ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani, ya dashibodi. Huzungumza kwa njia iitwayo CAN, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuiunda mwaka 1983 na kuitangaza mwaka 1986. Njia yenyewe ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila kompyuta husema na kusikiliza humo humo. Katika magari mengi, kompyuta ya breki ndiyo inayohesabu mzunguko wa magurudumu na kuwapa wenzake habari ya mwendo. Ikinyamaza, dashibodi haina la kuonyesha. Ndiyo maana ugonjwa mmoja ulileta dalili tatu.

Sasa zingatieni jambo hili. Misimbo inayoanza kwa herufi U huhusu mawasiliano, na U0121 maana yake ni kwamba mawasiliano na kompyuta ya breki yamepotea. Aliyeuandika si yule aliyenyamaza, bali ni wenzake wanaolalamika kuwa hawamsikii. Huo ni ushahidi wa ukimya tu, si cheti cha kifo. Huenda aliyenyamaza amekatiwa umeme, au njia ya kusemea imekatika. Fundi wetu aliwasikiliza walalamikaji, akamhukumu mshitakiwa bila kumfikia.

Tukaenda kwa fundi wa pili, kijana mpole wa umeme wa magari. Alianza na betri na fyuzi, akaziona nzima. Kisha akaifungua waya betri, akapima ukinzani baina ya zile nyaya mbili, kwenye tundu la kuchomekea mashine, pini ya 6 na ya 14. Akatueleza kwamba njia hiyo ina rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, na zikiwa salama mita husoma kama 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Yetu ilisoma 60. Basi njia kuu ilikuwa nzima.

Akairudishia betri waya zake, akaichomoa plagi ya kompyuta ya breki na kupima umeme unaofika pale. Mita ikaonyesha volti 12 na ushei. Sisi tukadhani sasa hukumu ya mwanzo imethibiti. Yeye akatabasamu, akaunga taa ndogo ya gari kwenye plagi ile ile. Ikawaka kwa unyonge mithili ya kibatari kinachokwisha mafuta. Waya ulioliwa na kutu waweza kuonyesha volti kamili usipobebeshwa kitu, na ukipewa mzigo ukashindwa. Akaufuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi, akakuta kutu ya kijani na nyeupe, kazi ya chumvi ya bahari yetu. Akaufungua, akapiga msasa, akaukaza na kuupaka grisi. Taa ya ABS ikazimika, mshale ukainuka.

Enyi mama zetu na dada zetu, nyinyi ndio mara nyingi mnaoachiwa gari na fundi. Mkiambiwa kompyuta imekufa, ulizeni kwa adabu: Je, umeme na ethi vimepimwa vikiwa na mzigo? Je, nyaya za mawasiliano zimepimwa, zikasoma ngapi? Fundi mwaminifu hatakasirika. Wala msiipuuze taa hiyo: breki za kawaida huwa zingalipo, lakini kinga ya magurudumu kutojifunga huenda isiwepo, na mvua ikinyesha barabara huteleza.

Surat al-Hujurat inatuagiza tuichunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Tumeisomesha aya hiyo miaka mingi, na siku ile nusura tuisahau kwenye gereji. Je, nyumbani? Mtoto anyamazapo tunasema ana kiburi. Mke anyamazapo, watu wa nyumba wanatoa ushahidi juu yake. Ni nani aliyemwendea akamtazama alivyobebeshwa? Wengine huonekana wazima hadi siku wanapopewa mzigo.

Yule fundi wa kwanza tulimwendea faraghani, tukamweleza kilichopatikana. Akashukuru. Na akiba ya Umra ipo palepale ilipokuwa.

Wabillahi tawfiq.