Kwani Unaficha Nini?

Makomredi, kuna swali ambalo huua mjadala wa faragha kabla haujaanza: "Kwani unaficha nini?" Niliulizwa tena juzi hosteli, nilipokataa kuandika nambari ya kitambulisho na ya simu kwenye karatasi iliyokuwa ikizungushwa mlango kwa mlango. Aliyeileta hakujua inapelekwa wapi. Lakini mimi ndiye nilionekana mshukiwa.

Katiba yetu haiulizi hivyo. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe ovyo, asidaiwe habari za familia yake au za mambo yake binafsi bila sababu ya lazima, wala mawasiliano yake yasiingiliwe. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki hiyo iwekewe mipaka, lakini kwa sheria na kwa sababu ya maana. Kwa hivyo anayetaka kuchungulia ndiye wa kujieleza, si mimi.

Shida ni kwamba serikali imezoea kuchukua kwanza, kujieleza baadaye. Chukua Huduma Namba. Iliingizwa mwaka 2018 ndani ya sheria ya marekebisho mbalimbali. Aprili 2019 watu wakaanza kupanga foleni kutoa alama za vidole. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba mwaka huo, foleni zikiwa zimekwisha. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanya DNA na kunakili makazi ya mtu kwa GPS, ikadai kanuni za kutosha kabla ya mfumo kuendelea. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Mara mbili serikali imekumbushwa kwamba sheria hutangulia.

Kwenye simu mambo ni magumu zaidi. Sheria za usalama za Desemba 2014 ziliruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hizo, ila hicho kikabaki.

Najua jibu litakalokuja: na magaidi je? Sisi wanafunzi ndio wa mwisho kupuuza swali hilo. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao makomredi kama sisi. Nataka serikali iwasikilize wanaopanga mauaji. Lakini iombe ruhusa kwanza. Sheria hiyohiyo ya kuzuia ugaidi inamtaka polisi anayetafuta ushahidi aende Mahakama Kuu kupata amri kabla ya kunasa mawasiliano. Kwa nini vyombo vingine visipite mlango huohuo? Gaidi halindwi na jaji kusoma ombi. Anayelindwa ni yule ambaye kosa lake ni kumkosoa mkubwa.

Haki hii haitaondolewa kwa tangazo. Itaisha kidogokidogo, fomu baada ya fomu, huku tukijaza bila kuuliza. Tuanze hapahapa chuoni, na chama chetu kiwe cha kwanza: kila fomu iseme data ni ya kazi gani, nani ataiona, na itafutwa lini. Tukizoea kuuliza mlangoni pa hosteli, hata mbele ya serikali hatutaona haya kuuliza.

Na ile karatasi? Bado sijaijaza. Nasubiri jibu.