Aliyeondolewa Mfuko wa Nyongo Asinyimwe Mafuta

Miongoni mwa mashauri anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa kutoka wodini baada ya kuondolewa mfuko wa nyongo, hakuna lililo fupi kulitamka na refu kulitekeleza kama hili: "Usile mafuta tena." Maneno hayo husemwa mlangoni, aghalabu na mtu mwenye haraka, naye mgonjwa huyachukua kuwa amri ya maisha. Tangu siku hiyo mboga zake huchemshwa kwa maji na chumvi, chungu chake hutengwa na cha jamaa zake, na tui la nazi huhesabiwa kuwa sumu. Nathubutu kudai kwamba katazo hilo la kudumu halina msingi madhubuti katika elimu ya mwili, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wetu lina madhara.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba nyongo haitengenezwi na mfuko wa nyongo. Hutengenezwa na ini, kwa kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku, na ini haliondolewi katika upasuaji huu. Mfuko ni ghala tu. Huchukua kiasi cha mililita 30 hadi 50, hufyonza maji yaliyomo na kuifanya nyongo iwe nzito mara kadhaa. Kisha mafuta yanapowasili mwanzoni mwa utumbo mwembamba, homoni iitwayo kolesistokinini huuamuru mfuko huo ujikamue. Chumvi za nyongo hufanya kazi kama ya sabuni katika sufuria yenye mafuta: huyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno, ili vimeng'enya vya kongosho vipate pa kuyashika. Ghala likiondolewa, kiwanda hakisimami. Kinachobadilika ni kwamba nyongo hutiririka kidogo kidogo, mchana na usiku, ikiwa nyepesi, badala ya kumiminwa kwa mkupuo wakati wa chakula. Farasi, ngamia, tembo na njiwa hawakuumbiwa mfuko huo kabisa, nao husaga chakula chao bila taabu.

Jambo hilo si geni kwa wataalamu. Tangu karne ya 17 majaribio juu ya mbwa yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba mnyama aweza kuishi bila mfuko wa nyongo, na Carl Langenbuch alipouondoa kwa mara ya kwanza katika mwili wa binadamu, mjini Berlin, Julai 1882, mgonjwa wake alipona. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani mwenziwe, alianza kuuondoa kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo ya tumbo, na njia ya namna hiyo sasa ndiyo ya kawaida penye vifaa.

Basi katazo limetoka wapi? Kwa maoni yangu, limehamia kutoka upande mmoja wa kisu hadi upande wa pili. Kabla ya upasuaji lilikuwa na maana kamili. Mfuko wenye mawe unapojikamua kwa sababu ya sahani ya pilau, jiwe huweza kuziba njia, na mgonjwa hugaagaa kwa maumivu chini ya mbavu za kulia. Ni haki aambiwe apunguze mafuta wakati akingoja zamu yake. Lakini mfuko ukishatolewa pamoja na mawe yake, hakuna tena cha kujikamua, ila shauri limebaki kama ngazi iliyosahauliwa ukutani baada ya nyumba kwisha kuezekwa. Ushahidi wa kuunga mkono lishe isiyo na mafuta kwa maisha yote ni haba sana.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu vitabu vingi vya tiba humchora mgonjwa wa mawe ya nyongo kuwa mama mnene wa makamo, na kwa mtu huyo kupunguza mafuta huenda kusimdhuru. Afrika Mashariki tunaye mgonjwa mwingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Kwa watoto hao chembe nyekundu za damu huvunjika upesi, na rangi ya bilirubini inayotokana nazo huganda kuwa mawe meusi ndani ya mfuko wa nyongo. Mawe hayo hayakuletwa na mafuta ya chakula hata kidogo. Kijana huyo, ambaye mara nyingi ni mwembamba na mwili wake hutumia nguvu nyingi kuliko wa wenzake, akifanyiwa upasuaji kisha akaamriwa aache mafuta, ananyang'anywa chakula chenye nguvu kuliko vyote: gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga hutoa 4. Tena karotini iliyomo katika mchicha, matembele na kisamvu, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa kwa shida pasipo mafuta kidogo.

Sisemi kwamba mgonjwa arudi nyumbani akapokelewe kwa maandazi na kuku wa kukaanga. Katika majuma ya kwanza tumbo huweza kujaa gesi au kulegea. Shauri lifaalo ni kugawa. Ale kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, mafuta yakienea katika milo yote badala ya kurundikwa katika mmoja, kwa kuwa nyongo nyepesi itiririkayo huyamudu mafuta machache kuliko mengi ya ghafula. Aanze na vyakula laini, aongeze tui jepesi, karanga, samaki na mayai kwa kadiri tumbo linavyokubali. Maharage na dona ni vyema, lakini navyo viongezwe taratibu. Afungaye Ramadhani ana hatari yake ya pekee: sambusa na kachori zikitangulia juu ya tumbo lililokaa tupu mchana kutwa, atajuta usiku. Atangulize tende na uji, vya kukaanga viwe vichache na vije baadaye.

Wapo wachache, pengine mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, ambao huendelea kuharisha. Sababu mojawapo ni kwamba chumvi za nyongo, ambazo kwa kawaida karibu zote hurudishwa kwenye ini kutoka mwisho wa utumbo mwembamba, huzidi na kuvuka hadi utumbo mpana, nako huvuta maji. Mtu huyu asijilaumu kwa kijiko cha mafuta alichokula juzi. Ipo dawa, kolestiramini, inayozinasa chumvi hizo, nayo huandikwa na daktari.

Nimepata kuona, katika hospitali moja, kikaratasi cha mashauri kilichofasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Kilimwonya mgonjwa juu ya krimu na jibini, vitu ambavyo huenda hajapata kuviweka mezani mwake, wala hakikutaja nazi, mawese, wala samli. Kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaolingana na jiko la msomaji hakuhitaji fedha za wafadhili. Kunahitaji muuguzi, mtaalamu wa lishe na alasiri moja.

Ukurasa huo usimfiche mgonjwa dalili zinazomtaka arejee hospitali siku hiyo hiyo: macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kupauka, homa yenye kutetemeka, au maumivu yale ya zamani kurudi. Huenda jiwe limebaki katika mrija wa nyongo, au mrija wenyewe umejeruhiwa. Hayo hayatibiwi kwa kuacha nazi, wala kwa vinywaji vinavyouzwa mitaani kwa jina la kusafisha ini.