Papa Bwawani: Nani Atamlisha?



Mazungumzo ya barazani siku hizi, tokea Malindi mpaka Darajani, yamekuwa ya mabwawa. Tumewasikia watu wazima wenye akili zao wakisema kwamba mwenye kipande cha pwani achimbe bwawa la maji ya chumvi, amtie humo samaki mkali: chewa, kolekole, na baadhi wamefika hata kumtaja papa. Hoja yao ni nyepesi. Kama wageni hulipa kuwatazama kasa wa Mnarani, Nungwi, jee, hawatalipa maradufu kumtazama papa? Sisi tunaiona fikra hii kuwa ina khatari, na tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wanachama sababu zetu mapema, kabla mtu hajatujia na karatasi iliyokwisha tiwa saini.

Kwanza tuwape haki yao watu wa Nungwi. Bwawa la Mnarani, lililoanzishwa mwaka 1993, si shimo lililochimbwa kwa sururu. Ni dimbwi la maumbile lililozungukwa na mawe ya pwani, na maji yake huja na kutoka kwa nguvu za bahari yenyewe. Kasa walionaswa nyavuni hupelekwa pale, na wachanga hutunzwa mpaka wapate nguvu, kisha hurejeshwa baharini. Mtu aweza kuwa na lake la kusema hata juu ya hilo. Lakini kasa mkubwa ni mla majani ya bahari, na chakula chake hakitoki chunguni mwa mtu. Papa si hivyo, wala chewa si hivyo.

Sisi ni watu wa duka, mizani tunaijua. Huko Asia ya mashariki wanakofuga chewa katika vizimba, wafugaji wanaowalisha samaki wadogo hutumia kilo 5 na zaidi ili wapate kilo 1 ya chewa. Na samaki mdogo wa kwetu ni nani, kama si dagaa? Dagaa huyu anayechemshwa na kuanikwa Mangapwani na Kama, akasafirishwa mpaka Kongo, ndiye kitoweo cha mnyonge wa Ng'ambo mwisho wa mwezi. Siku mtoto wa skuli na chewa wa hoteli watakapomgombea dagaa mmoja, tunajua nani atakayeshindwa, kwani chewa atakuwa na tajiri nyuma yake.

Tena chewa hana udugu. Wachanga wakipishana kwa ukubwa, mkubwa humla mdogo, hata mfugaji hulazimika kuwachambua kila mara. Na wengi katika jamaa ya chewa huanza maisha yao wakiwa majike, na wakiisha kuwa wakubwa ndipo hugeuka madume. Basi mwenye kwenda mwambani kuwatoa wale wakubwa ili alipambe bwawa lake, amewatoa madume, na mwamba ameuachia wajane.

Ama papa, mambo yake ni mazito zaidi. Wapo walalao chini mchana na kupumua wametulia, lakini wengine, kama pingusi, sharti waogelee usiku na mchana ili maji yapite mashavuni mwao. Huko California, Marekani, jumba la samaki la Monterey Bay, lenye mitambo na wataalamu wa kila namna, lilimweka papa mweupe mwaka 2004. Alikaa siku 198, akawaua papa wawili waliokuwa pamoja naye, nao wakamrejesha baharini mwaka 2005. Ikiwa wao walisalimu amri, jee, sisi tutamweka kwa pampu ya kuazima?

Na tuyatazame maji. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na bwawa hupata maji mapya. Lakini yakija maji mafu, bwawa hudorora, na hewa iliyomo majini hupungua, khasa usiku. Tulipokuwa watoto wa chuo huko Makunduchi tulimtia chewa katika dimbwi la mawe, tukajiona matajiri. Siku ya kwanza aliwala changu wetu wote. Siku ya tatu tukamkuta amegeuza tumbo juu. Mwalimu wetu hakutupiga. Alitukumbusha tu kisa cha yule mwanamke na paka aliyemfungia, nacho kilituuma kuliko bakora.

Wala mtu asidhani kwamba papa hawaishi. Zamani majahazi ya kaskazi yakituletea papa wa chumvi kutoka Shihiri na Usomali, na harufu yake ndiyo iliyokuwa bendera ya Malindi. Papa huchukua mimba kwa miezi mingi, baadhi yao karibu mwaka mzima, na wengi huzaa watoto wachache. Ndiyo maana mataifa yaliyokutana Panama mwaka 2022 yakawatia papa wa jamaa nyingi, pamoja na pingusi, katika orodha ya viumbe ambao biashara yao baina ya nchi na nchi haifanywi ila kwa kibali. Tanzania imo katika mkataba huo.

Hatusemi mabwawa yafukiwe. Huko Makoba, katika miaka ya 1990, Taasisi ya Sayansi za Bahari ilijaribu kufuga mwatiko, samaki alaye ukoga wa bwawani wala hamdai mtu dagaa. Hiyo ndiyo njia tunayoipenda, ingawa haina mgeni wa kuipiga picha.

Tunalotaka ni hili. Ombi lolote la kufuga samaki mla nyama pwani lisomwe kwa sauti mbele ya kamati ya wavuvi ya shehia, na mwombaji aseme mwenyewe: chakula atakitoa wapi, siku za maji mafu atafanya nini, na fedha za mlangoni zitaingia mfuko wa nani. Wajumbe wa matawi ya pwani wanaombwa walifikishe suala hili katika mikutano yao, na majibu watakayopewa watuletee ofisini. Tutayachapa neno kwa neno.