Mnyama Wako Si Upanga Wenye Miguu Minne

Niseme mapema ndio tusigombane mbele: sheria za kuwapa nguvu wanyama wenza kwenye Dungeons & Dragons zimekaa sawa kwa hesabu, lakini zimemsahau mnyama mwenyewe. Kwa maoni yangu, hesabu ije na levo kama kawaida. Lakini zile nguvu tamu, zile za kumfanya mnyama awe wako kweli, lazima uzitolee jasho.

Kwa wale wageni, haraka haraka: huu ni mchezo wa mezani tangu 1974. Mmoja wenu, DM, anaendesha hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inaamua kama umefaulu au umeumia. Renja ni mhusika wa porini. Kuna aina ya renja anaitwa Beast Master, yeye anatembea na mnyama wake: mbwa mwitu, mwewe, chochote. Kila kundi lina mtu mmoja ambaye hataki kuwa mhusika mwingine isipokuwa huyu. Kwetu Bamburi tunao wawili, sasa fikiria kelele.

Kitabu cha 2014 kilimtesa huyu renja. Uhai wa mnyama ulikuwa ni ule wake wa kawaida au mara nne ya levo yako, uchukue iliyo kubwa. Mbwa mwitu kawaida ana pointi 11. Ukiwa levo ya 3, mara nne ni 12. Yaani umempa mapenzi yako yote, umemwongezea pointi moja! Halafu ukitaka ang'ate mtu, lazima utumie tendo lako wewe. Kwa hivyo kwenye levo hizo za mwanzo, mnyama akipigana, wewe umesimama tu unatazama kama mtu anayengoja matatu.

Watu walilalamika miaka. Mwaka wa 2020 kikatoka Tasha's Cauldron of Everything, na mambo yakageuka. Mnyama wa nchi kavu sasa anapata 5, ujumlishe levo yako mara tano. Levo ya 3 ana 20, levo ya 10 ana 55. Kumwamuru unatumia tendo la ziada tu, kwa hivyo na wewe unapigana. Akifa, ukimgusa ndani ya saa moja na kutumia nguvu kidogo ya uchawi, baada ya dakika moja anaamka na uhai wake wote. Na kila ukilala usiku mzima, ukitaka, unaweza kumbadilisha kwa mwingine.

Hapo pa mwisho ndipo mimi naposhika kichwa. Leo una mnyama wa nchi kavu, kesho una wa baharini, kama mtu anabadilisha kava ya simu. Nguvu amepata, sikatai. Lakini nani tena atalia akifa? Nani atakimbia motoni kumtoa? Tumetibu hesabu, tukaua hadithi.

Sisi watu wa Bamburi hatufai kufundishwa hili na mtu. Hapa Haller Park ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi Desemba 2004 baada ya tsunami, amekwama peke yake baharini, hana mama. Aliwekwa pamoja na Mzee, kobe mkubwa wa aina ya Aldabra anayekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Owen akamfuata yule kobe kama mamake. Mzee mwanzo hakutaka mchezo, akawa anaondoka zake. Pole pole wakazoeana, wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, mpaka dunia nzima ikaja kupiga picha. Kama ingekuwa ni kitabu, Mzee angempokea siku ya kwanza saa mbili asubuhi. Hadithi ilinoga kwa sababu haikuwa hivyo.

Na si lazima nguvu iwe meno. Kule kaskazini mwa Kenya, Waborana wanaotafuta asali wana ndege wa mwituni anayewaongoza mpaka kwenye mzinga. Mtu anapiga mluzi, ndege anakuja, anaruka mti kwa mti, watu nyuma. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walipima hili na kuchapisha mwaka wa 1989: bila ndege, kupata mzinga kulichukua wastani wa saa 8.9, na ndege akiongoza ni saa 3.2. Ndege naye anabaki na nta na mabuu. Sasa niambie, huyo ndege kwenye karatasi ya D&D ana nini? Pointi moja ya uhai na mdomo wa kuchekesha. Lakini amewapunguzia watu zaidi ya saa tano porini! Hiyo ni nguvu, na kitabu hakina mahali pa kuiandika.

Kwa hivyo hizi hapa sheria tatu tunazotumia kwenye meza yetu. Chukua, badilisha, usiniulize.

Ya kwanza ni pointi za imani, kuanzia 0 mpaka 5. Uhai na kinga vinabaki vya Tasha, sipunguzi kitu. Kila mkikaa kucheza, unaweza kupata pointi moja tu, na unaipata pale unapojinyima kwa ajili ya mnyama: umempa yeye dawa na wewe unavuja damu, umeacha dhahabu ili umtoe mtoni. Ukimtuma mbele kupima mtego, unapoteza pointi mbili. DM asibembelezwe.

Ya pili ni kipaji. Akifika pointi 2, unachagua jambo moja ambalo yeye analijua kuliko nyinyi wote: kunusa maji, kusikia mtu aliyejificha, kukumbuka njia. Kwenye jambo hilo unatupa dadu mara mbili na kuchukua kubwa. Akifika 4, anaweza kutenda bila amri, mara moja kwa kila pambano, kukukinga wewe. Hili si wazo geni. Pathfinder toleo la pili, la 2019, mnyama aliyekomaa anaweza kusogea au kushambulia hata kama hukumwamuru. Mimi nataka tu akomae kwa mlivyoishi naye, isiwe kwa sababu umefika levo fulani.

Ya tatu ni kifo. Kumfufua ndani ya saa moja, sawa, lakini kila ukimfufua anashuka pointi moja, manake amekumbuka nani alimpeleka pale. Ukimbadilisha, mpya anaanza sifuri. Hakuna kuhamisha imani kama salio la simu.

Najua jibu lenu. "Mbona mchawi anapewa moto wake bure, renja ndio afanye kazi ya ziada?" Swali zuri. Ndio maana sikugusa hesabu za Tasha. Renja asiyejali imani bado ana mnyama mzuri wa kupigana, hakuna alichonyang'anywa. Anayejali anapata zaidi. Wengine wanasema inachelewesha mchezo. Hapo nakubali kidogo, na dawa yake ni kwamba zamu ya mnyama ni sentensi moja na dadu moja. Ukianza hotuba, DM anapita.

Ukibisha, shuka pale ufuoni Pirates utazame wale ngamia wa kupanda. Mtu mgeni anavuta kamba mpaka anatoka jasho, ngamia ametulia anatafuna tu. Mwenyewe akija, mlio mmoja, kiumbe kizima kimeinuka. Wote wawili wameshika kamba ile ile. Tofauti ni siku ambazo mmoja wao amezitumia pale mchangani.

Na kama huna vitabu, usiogope bei. Sheria za Pathfinder zipo bure mtandaoni, kwa Archives of Nethys, na dadu za simu zinatosha. Jaribuni hizi sheria mkikaa kucheza mara tatu tu. Ikifika ya tatu na hakuna mtu mezani aliyempa mnyama wake jina, basi zitupeni, mimi sitanuna.